Chumvi Isiyo na Mwenyewe

Mwishoni mwa mwaka 1961, maji yaliyokuwa yakivuka mpaka kutoka Marekani kuingia bonde la Mexicali, Meksiko, yaliharibika. Hayakunuka wala kubadilika rangi. Yalizidi chumvi tu. Kabla ya hapo kila lita ilibeba takriban miligramu 800 za chumvi. Katika muda mfupi kipimo kikapanda kuelekea 1,500.

Kwa mtu anayepima chumvi kwa kijiko jikoni, gramu moja na nusu kwa lita si kitu. Lakini shamba si sufuria. Mmea unakunywa maji, jua linakausha mengine, na chumvi inabaki palepale udongoni. Unamwagilia tena, inaongezeka. Msimu baada ya msimu unaona ukoko mweupe juu ya matuta, mmea unadumaa, na hata ukiongeza maji unakuwa umeongeza chumvi. Wakulima wa Mexicali walikuwa wanajua hesabu hiyo bila kufundishwa na mtu. Waliingia barabarani kwa maelfu.

Mto wenyewe ni Colorado. Unaanzia kwenye theluji ya milima ya Rocky ukiwa mtamu kabisa, chini ya miligramu 50 za chumvi kwa lita, kisha unateremka kilomita 2,300 hivi kuelekea Ghuba ya California. Mwaka 1922 majimbo saba ya Marekani yaligawana maji yake kwenye karatasi. Meksiko haikuwa mezani, na wenyeji asilia wa bonde hilo hawakuwa mezani pia. Meksiko ilipata haki yake kwa mkataba wa 1944: takriban mita za ujazo bilioni 1.85 kila mwaka. Mkataba ulitaja kiasi. Haukutaja ladha.

Hapo ndipo ugomvi ulipochimbwa. Chumvi iliyowaumiza watu wa Mexicali ilitoka kwenye mashamba ya Wellton-Mohawk, jimboni Arizona. Maji ya chini ya ardhi huko yalikuwa yamejaa chumvi na yalikuwa yakipanda hadi kwenye mizizi ya mimea. Wakulima wa huko wakachimba visima, wakayavuta kwa pampu na kuyamwaga mtoni, mahali ambapo mtumiaji wa mwisho wa Kimarekani alikuwa ameshachota yake. Aliyebaki chini ni Mmeksiko. Miaka miwili baadaye, mwaka 1963, lango la bwawa la Glen Canyon likafungwa ili ziwa lake lianze kujaa, na maji ya ziada ambayo yangezimua chumvi hiyo yakapungua. Meksiko ikalalamika. Marekani ikajibu kwamba maji ni maji: mkataba unahesabu yote, yatoke wapi yatoke.

Mimi nilikutana na kisa hiki kazini. Niliacha chuo karo iliponishinda, na kwa muda kibarua changu kilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwa malipo, kama vijana wengi wa Nairobi wanavyofanya usiku bando ikiwa rahisi. Siku moja kazi iliyokuja ilikuwa kurasa nane juu ya chumvi ya mto Colorado. Nilizimaliza, nikalipwa, nikalala. Lakini kuna kitu kimoja kwenye zile ripoti za serikali kilikataa kuniondoka. Ugomvi wa 1961 ulikuwa wazi: kuna mtu na pampu yake. Ila wahandisi walipokaa chini kuuhesabu mto wote, waligundua kwamba karibu nusu ya chumvi yake haikuwekwa na mtu yeyote. Ilikuwa inatoka ardhini yenyewe, na sehemu yake kwenye chemchemi za maji moto.

Sasa, unamshtaki nani kwa chumvi ya chemchemi?

Kabla ya kujibu, hebu tuone walivyoijua. Kupima chumvi ya mto ni hesabu ya dukani. Unapima maji mangapi yanapita kwa sekunde, unapima kila lita ina chumvi kiasi gani, unazidisha. Ukifanya hivyo juu ya chemchemi na chini yake, kisha ukatoa, tofauti ni mchango wa chemchemi. Mfano: chemchemi inayotoa lita 100 kwa sekunde, kila lita ikiwa na gramu 10, inaingiza kilo moja ya chumvi kila sekunde. Ni kidogo, si ndiyo? Kwa siku ni tani 86. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 31,000, na chemchemi hailali wala haina sikukuu.

Ugumu ni kwamba chemchemi nyingi za namna hii hazijitokezi kando ya mto na kukungoja. Zinavuja chini ya maji, kwenye kitanda cha mto, ambako jicho halifiki. Ndiyo maana wapimaji hutumia joto: kamera inayoona joto huonyesha mahali maji ya uvuguvugu yanapochanganyika na ya baridi. Hutumia pia umeme, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha stima vizuri kuliko maji matamu, kwa hiyo kifaa kidogo kilichotumbukizwa mtoni kinaweza kusema chumvi imeongezeka wapi. Na hutumia alama za vidole. Chumvi ya chemchemi za moto za Glenwood ni ileile ya mezani, sodiamu na kloridi. Chumvi inayooshwa na umwagiliaji kwenye udongo wa mwamba wa Mancos, kilomita nyingi chini ya hapo, ina salfati nyingi. Kwa mkemia, chumvi mbili hizi ni kama watu wawili wenye lafudhi tofauti. Wakifungua mdomo tu, unajua nani katoka wapi.

Chemchemi kubwa katika hesabu hii ziko jimboni Colorado, kwenye miji ya Dotsero na Glenwood Springs. Kwa pamoja huingiza mtoni takriban tani 440,000 za chumvi kwa mwaka. Chumvi hiyo ni mabaki ya bahari. Miaka milioni 300 hivi iliyopita, maji ya bahari yalijifungia katika bonde la pale, yakakauka, yakaacha tabaka nene za chumvi na jasi. Leo maji ya mvua na theluji yanazama ndani ya mawe, yanapashwa joto huko chini, yanapita kwenye tabaka hizo yakiziyeyusha, kisha yanarudi juu kupitia nyufa za mwamba wa chokaa. Maana yake, bahari ya zamani ingali inahama, kidogo kidogo, kwenda kwenye bahari ya sasa. Mto ni gari lake tu.

Kabla ya mtu yeyote kuyaita maji haya tatizo, yalikuwa tiba. Chemchemi kubwa ya Glenwood inaitwa Yampah, jina la Waute, waliokuja kuoga humo na kukaa kwenye mapango ya mvuke yaliyo karibu. Mwaka 1881 serikali iliwaondoa Waute wa eneo hilo na kuwapeleka Utah. Miaka michache baadaye matajiri wa migodi wakajenga mji. Mwaka 1887 alifika pale Doc Holliday, yule daktari wa meno aliyekuwa mcheza kamari na mtu wa bastola, akiwa anakufa kwa kifua kikuu. Alizikwa Novemba mwaka uleule akiwa na miaka 36. Mwaka uliofuata bwawa kubwa la kuogelea la maji moto likafunguliwa, na hadi leo mji unaishi kwa maji hayo. Zaidi ya lita milioni 13 kwa siku, nyuzi 50 hivi za joto. Watu wanalipa kuingia.

Chemchemi nyingine yenye historia iko Utah, kwenye mto Virgin unaoingia Colorado. Inaitwa La Verkin, wengine huiita Pah Tempe. Oktoba 1776, mapadre wawili wa Kihispania, Domínguez na Escalante, walipita hapo wakitafuta njia, wakakuta mto unaonuka na wenye uvuguvugu, wakauita Mto wa Salfa. Hawakuwa na mizani, ila pua zao zilitosha. Miaka mia mbili baadaye mizani ilikuja: takriban tani 100,000 za chumvi kwa mwaka.

Basi turudi kwenye siasa. Mwaka 1972 Rais Luis Echeverría wa Meksiko alisimama mbele ya Bunge la Marekani na kulitaja jambo hili la chumvi. Rais Nixon akamteua Herbert Brownell kutafuta suluhu, na tarehe 30 Agosti 1973 nchi hizo mbili zikatia saini makubaliano yanayoitwa Dakika ya 242. Yalisema maji yanayofika bwawa la Morelos, pale mpakani, yasizidi kwa wastani wa mwaka chumvi ya maji ya bwawa la Imperial upande wa Marekani kwa zaidi ya miligramu 115 kwa lita, huku 30 zikiruhusiwa juu au chini. Kwa mara ya kwanza ladha ya maji ikapata namba.

Namba ikishaandikwa, lazima mtu aitekeleze. Juni 1974 ikatoka sheria ya kudhibiti chumvi ya bonde zima la Colorado. Ukiisoma, inafanana na orodha ya washukiwa. Kuna mashamba ya Grand Valley. Kuna mto wa maji taka wa Las Vegas. Kuna kisima cha mafuta kilichoachwa Utah ambacho kilikuwa kikirusha maji baridi yenye gesi. Na kwenye fungu la vyanzo vya kuchunguzwa ziko chemchemi zetu kwa majina: La Verkin, Littlefield, Glenwood-Dotsero.

Wahandisi wa Bureau of Reclamation, idara ya serikali kuu inayojenga mabwawa, wakaenda kuangalia. Ukiwa na chemchemi ya moto yenye chumvi una njia nne hivi.

Ya kwanza ni kuziba. Hii kila mtu huifikiria, na haifanyi kazi. Maji yanasukumwa na kani iliyo kilomita kadhaa chini, ukiyafungia mlango yatapita dirishani. La Verkin wenyewe walionyeshwa hilo Septemba 1992, tetemeko la ukubwa wa 5.8 lilipopiga karibu na St. George. Matundu ya chemchemi yaliyozoeleka yalipungua, maji yakashuka kwenda kutokea chini zaidi mtoni.

Ya pili ni kuyakusanya na kuyaacha yakauke juani. Sawa, lakini tani laki nne za chumvi kwa mwaka zinataka madimbwi makubwa mno, na Glenwood ni korongo jembamba ambalo tayari limebanwa na mto, reli na barabara kuu. Utayajenga wapi? Na chumvi kavu utaiweka wapi mvua isiirudishe?

Ya tatu ni mtambo wa kuchuja. Unapata maji matamu upande mmoja, na upande wa pili maji machache yenye chumvi kali zaidi. Yaani umerudi kwenye swali la pili na bili ya stima mkononi.

Ya nne ni kuisukuma chumvi chini kabisa ya ardhi. Hii ilijaribiwa, si kwenye chemchemi za moto bali kwenye bonde la Paradox, Colorado, ambako maji ya chumvi yanachipuka kwenye mto Dolores. Kisima kilichimbwa karibu kilomita 4.9 kwenda chini. Tangu 1996 kiliendeshwa mfululizo na kuzuia takriban tani 100,000 kwa mwaka, kazi nzuri sana kwenye makaratasi. Ila mwamba ulianza kujibu kwa matetemeko madogo, maelfu yake. Machi 2019 likaja la ukubwa wa 4.5, na pampu zikazimwa.

Kwa Glenwood, Dotsero na La Verkin, mipango yote iligonga ukuta uleule wa gharama. Chemchemi hazikuguswa. Mji wa St. George na majirani zake, uliokuwa unahitaji maji, uliamua kuchota mto Virgin juu ya chemchemi na kuyapeleka maji matamu kwa bomba hadi hifadhi ya Quail Creek. Akili hiyo ni ya kawaida: kama kisima cha jirani kina tope, chota kabla hujafika kwake. Lakini maji matamu yakiondolewa juu, yanayobaki chini ni ya chemchemi zaidi. Ukoo wa tatizo ni uleule, limehamia kwa mwingine.

Kwa hiyo chumvi ilidhibitiwaje? Hapa ndipo kisa kinaponivutia. Walimwacha mshukiwa mkuu na kumfuata yule waliyemweza. Grand Valley ilikuwa na mifereji ya udongo iliyovuja. Maji yaliyovuja yalizama kwenye mwamba wa Mancos, yakaosha chumvi ya kale na kuipeleka mtoni. Serikali ikaanza kuisakafia mifereji, kuibadilisha mingine iwe mabomba, na baada ya marekebisho ya sheria ya 1984 kuwasaidia wakulima kubadilisha umwagiliaji wao wenyewe. Sehemu ya pesa ilitoka kwenye mauzo ya umeme wa mabwawa ya mto huohuo. Mwaka 1995 wakaenda mbali zaidi: yeyote mwenye mradi alete bei yake kwa kila tani ya chumvi atakayozuia, na wenye bei nafuu wafadhiliwe. Leo miradi hiyo yote kwa jumla inazuia zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka. Mto haujui chumvi iliyozuiwa ilitoka shambani au ilitoka kwenye bahari ya miaka milioni 300. Unajua tu kwamba imepungua.

Kuna watu wataona hapo ukosefu wa haki. Kwani mkulima wa Grand Valley ndiye aliyeweka Yampah? Lakini naona serikali ile ilifanya jambo ambalo serikali nyingi hazifanyi: ilitenganisha swali la nani ana hatia na swali la nani anaweza kufanya nini. Chemchemi haina mwenyewe wa kushtakiwa. Mtu wa chini anayekunywa ana jina, ana shamba, na tangu 1973 ana namba kwenye karatasi. Kazi ikafuata namba.

Tusiwasifu kupita kiasi, lakini. Namba ile ilipatikana baada ya miaka kumi na miwili ya watu wa Mexicali kupiga kelele, na kwa sababu kulikuwa na mpaka wa kimataifa katikati. Na mtambo mkubwa waliojenga Yuma ili kuyasafisha maji ya Wellton-Mohawk ulikamilika 1992, ukafanya kazi miezi michache, ukazimwa. Tangu wakati huo umewashwa kwa majaribio tu, 2007 na 2010 hadi 2011. Maji ya chumvi yaliyongoja mtambo huo yalielekezwa kwa mfereji hadi jimbo la Sonora, Meksiko, yakamwagwa jangwani kuanzia 1977. Na jangwani pale, bila mtu kupanga, likaota bwawa la matete: Ciénega de Santa Clara, maelfu ya hekta, kimbilio la ndege adimu katika delta ambayo mto wenyewe ulikuwa umekoma kuifikia. Maji yaliyokataliwa na kila mtu yakawa uhai wa delta. Ukiuwasha mtambo kikamilifu leo, unalikausha.

Nimesoma haya yote nikiwa Nairobi, na siwezi kuyasoma bila kufikiria Bonde la Ufa letu. Kapedo, kwenye mpaka wenye ugomvi kati ya Baringo na Turkana, maji moto ya mlima Silali yanaporomoka kama maporomoko yoyote, ila yanatoa mvuke, na kuwa sehemu ya mto Suguta unaoelekea kaskazini hadi ziwa la chumvi la Logipi. Kusini ya hapo kuna Bogoria, ziwa la magadi linalolishwa na chemchemi za moto, na karibu yake Baringo, ziwa la maji matamu lenye ngege na kambare. Maziwa yote mawili yalipanda sana miaka ya 2010. Kufikia 2020 watu wa ufuoni walikuwa wamehama makwao, na wataalamu wakawa wanazungumza hadharani juu ya uwezekano wa Bogoria kuvuka nchi kavu iliyo katikati na kumwaga chumvi yake Baringo. Kilomita 20 hivi ambazo watoto hufundishwa shuleni zilikuwa zimepungua.

Chumvi hiyo nayo haina mwenyewe. Hakuna kampuni ya kushtaki wala pampu ya kuzima. Ukimwuliza mvuvi wa Baringo nani alaumiwe, ataangalia juu mbinguni. Lakini ngege wake watakufa vilevile kama pamba ya Mexicali ilivyokufa, na atakayekuja kumlipa fidia, au kumwambia hatalipwa, atahitaji kujua maji yalikuwaje kabla.

Ndiyo maana naiona Dakika ya 242 kuwa kitu cha kutamani, pamoja na kasoro zake zote. Haikuzuia hata tone moja la Yampah. Ilichofanya ni kusema: maji yakikufikia yakiwa na chumvi kupita hapa, si bahati mbaya yako peke yako. Kwa sasa, kipimo cha mvuvi wa Baringo ni ulimi wake. Huchota kiganja, huonja, hutema, na kesho yake hurudi kuonja tena.